Tilapia chotara: namna ya kumtambua samaki wa mchanganyiko katika Ziwa Kivu

Kila asubuhi, mitumbwi inapofika ku Kituku, wamama wauzaji wanashuka mpaka maji yafike magotini, kila mmoja na beseni lake. Sambaza hawaleti maneno mingi. Wanapimwa, wanalipiwa, wanapanda juu kwenda sokoni. Maneno yanaanza pale tilapia wanapomwagwa. Samaki wawili wametoka katika wavu moja, urefu wao ni ule ule, lakini mkia wa mmoja una mistari iliyosimama sawa nguzo za uzio, na mkia wa mwingine una mistari iliyokatika katikati. Mteja anauliza: huyu ni wa Kivu kweli, ao ametoka ku bwawa la mtu? Mvuvi anajibu kwamba ni tilapia tu.

Jibu hilo si uongo, lakini halitoshi. Katika Ziwa Kivu jina tilapia linabebwa na samaki wa aina nne, na tatu kati ya hizo zililetwa na watu. Mbili ao tatu zinapokutana kwenye maji ya pwani zinaweza kuzaa pamoja, na mtoto anayetoka hapo ndiye anayeitwa chotara. Makala hii inaeleza chotara ni nani, anatokea namna gani, anatambulika kwa alama zipi, na kwa nini mvuvi, mama muuzaji na mfugaji wa samaki wanapashwa kumjali.

Kwa ufupi

- Tilapia chotara analiwa kama tilapia mwingine yeyote. Si sumu.
- Alama ya kwanza ya kuangalia ni mkia, kisha madoa ya mwili, kisha urefu wa pezi la ubavuni.
- Alama moja peke yake haimtoshi mtu kusema huyu ni chotara. Alama zinapashwa kupingana: mkia unasema hivi, mwili unasema vile.
- Hatari iko kwenye mbegu, haiko kwenye sahani. Aina ya kwanza ya ziwa inaweza kupotea polepole bila mtu kuona.

Ziwa lililofungwa na volkano

Kwa kuelewa habari ya chotara, inafaa kwanza kujua kwa nini Kivu ina aina chache za samaki. Zamani sana, maji ya eneo hili yalitiririka kuelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Kisha volkano za Virunga ziliinuka na kufunga njia. Maji yakapanda, ziwa likajaa, na mwishowe likapata mlango upande wa kusini, ambapo mto Ruzizi unashuka hadi Tanganyika. Lakini Ruzizi ina maporomoko makali, na samaki wa Tanganyika hawakuweza kupanda kwa nguvu zao wenyewe.

Tena, sehemu kubwa ya Kivu haina uhai wa samaki. Kina chake kinafika karibu metre 485, lakini hewa wanayovuta samaki inapatikana tu katika metre 60 ao 70 za juu. Chini ya hapo maji yamebeba gesi ya metani na kaboni. Ndiyo maana ziwa hili lina aina zisizofika 30, wakati Tanganyika inahesabu mamia. Zaidi ya kumi kati ya aina za Kivu hazipatikani mahali pengine duniani. Nyingi ni wale samaki wadogo wa mawe ambao wavuvi wengi wanawaita ndugu.

Katika ziwa la namna hiyo, samaki mgeni anaonekana haraka. Kati ya 1958 na 1960, wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, watoto wa ndagala walitolewa Tanganyika na kumwagwa Kivu. Aina mbili zilijaribiwa, moja tu ikashika: Limnothrissa miodon, ambaye leo ni sambaza wetu. Hata mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, yenye taa na wavu wa kuinua, pamoja na nyimbo za wavuvi wanaopiga kasia usiku, yote imejengwa juu ya samaki mgeni. Sambaza hakuleta chotara kwa sababu hakukuta jamaa yake ndani ya Kivu. Kwa tilapia mambo ni mengine: wageni walimkuta ndugu wa damu nyumbani.

Wanne wanaobeba jina moja

Wa kwanza ni mwenyeji, Oreochromis niloticus. Huyu alikuwa Kivu mbele ya mtu yeyote kuleta samaki. Jamaa zake wako Edward, Albert na Tanganyika. Ndiye tilapia mkubwa, na ndiye anayefugwa zaidi duniani kati ya tilapia wote. Alama yake ni mkia: mistari myembamba iliyosimama, iliyopangwa vizuri, kutoka mwanzo wa mkia mpaka ncha. Dume anapokuwa tayari kuzaa, koo na kifua vinapata wekundu.

Wa pili ni Oreochromis leucostictus, ambaye kwao ni Edward, George na Albert. Watu wa Vitshumbi na Kyavinyonge wanamjua tangu zamani. Jina lake la kisayansi linamaanisha mwenye madoa meupe, na kweli mwili wake ni mweusi wa kijani, wenye madoa madogo meupe yanayong'aa, zaidi kwa dume. Hafiki ukubwa wa mwenyeji. Anapenda maji mafupi, yenye majani, kando kabisa ya pwani. Mkia wake hauna ile mistari iliyopangwa.

Wa tatu ni Oreochromis macrochir, mtu wa kusini: Zambezi ya juu, Luapula, Bangweulu na Mweru. Wabelgiji walimfuga sana Katanga, kwenye kituo cha Kipopo karibu na Elisabethville, Lubumbashi ya leo, na kutoka miaka ya 1940 na 1950 alisambazwa mahali pengi. Jina lake linamaanisha mwenye mkono mkubwa, juu ya pezi lake refu la ubavuni. Uso wake unapanda wima, na kichwa kina rangi ya kijani. Dume anajenga kiota cha ajabu chini ya maji: rundo la mchanga lenye mifereji inayotoka katikati kama mwali wa nyota.

Wa nne ni Coptodon rendalli, ambaye vitabu vya zamani vya Wabelgiji vinamwita Tilapia melanopleura. Huyu ni mla majani. Kifua chake ni chekundu, na mkia wake mara nyingi umegawanyika rangi mbili: juu kijivu chenye vidoa, chini wekundu ao manjano. Anabaki na doa jeusi kwenye pezi la mgongo hata akiwa mkubwa. Tofauti yake kubwa ni ya ndani ya nyumba: wale watatu wa Oreochromis wanalea mayai mdomoni mwa mama, lakini huyu anayaweka chini, kisha baba na mama wanayalinda pamoja. Kwa sababu hiyo si rahisi achanganyike na wale watatu. Habari ya chotara ni ya Oreochromis kwa Oreochromis.

Chotara anazaliwa namna gani

Kwa Oreochromis, dume ndiye anayetengeneza kiwanja. Anachimba kiota kwenye mchanga ao matope ya maji mafupi, anafukuza madume wengine, anaonyesha rangi yake. Jike anapita, anachagua, anataga, na mara moja anayachukua mayai mdomoni. Kisha anaondoka peke yake na kulea mpaka watoto waweze kuogelea.

Katika hali ya kawaida jike anamjua dume wa aina yake kwa rangi, kwa kiota na kwa namna anavyocheza. Lakini kuna mambo yanayoharibu uchaguzi huo. La kwanza ni uchache: aina moja ikipungua sana, jike anakosa dume wa kwao na anamkubali jirani. La pili ni maji machafu. Mvua inaposhusha udongo kutoka milimani ambako miti imekatwa, rangi haionekani tena. La tatu ni nafasi. Pwani ya Kivu inashuka haraka, hasa upande wa Goma ambako mawe ya lava yanaingia ndani ya maji, na ghuba zenye maji mafupi ni chache. Viota vya aina mbalimbali vinakuwa majirani. La nne ni kokoro, wavu wa kukokota ufukweni, ambao unavunja viota na kutawanya madume waliokuwa wamejipanga.

Kuna jambo moja tena ambalo ni muhimu kuliko yote. Watoto wa mchanganyiko wa tilapia hawa si tasa. Wanaweza kuzaa, wao kwa wao, ao na mmoja wa wazazi. Kwa hiyo mchanganyiko hauishii kwa samaki mmoja wa ajabu ndani ya beseni. Unaendelea, kizazi kwa kizazi, mpaka inakuwa vigumu kumpata aliyebaki safi.

Wavuvi wa trauti nao wanaijua hesabu hii

Habari hii si ya Afrika peke yake. Katika mito ya baridi ya Kenya, kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya, kuna samaki anayeitwa trauti, kwa Kifaransa truite, aliyeletwa kutoka Ulaya tangu 1905. Watu wanamvua kwa nzi wa bandia, yaani ndoano iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu anayeelea. Wavuvi wa namna hiyo huko Marekani wanafurahi sana kupata trauti chotara, na wamejifunza kumsoma kwa macho. Aliyetoka kwa trauti wa upinde wa mvua na trauti mwenye koo jekundu anaonekana kwa alama mbili zinazokutana: mkanda wa waridi ubavuni, wa mzazi mmoja, na mstari mwekundu chini ya taya, wa mzazi mwingine.

Huko nako kuna chotara wa namna mbili. Yule wa trauti wa kahawia na trauti wa kijito, mwenye michoro kama ya chui, ni tasa: akifa, habari yake imekwisha. Lakini yule wa koo jekundu anazaa, na ndiye aliyefanya aina za kienyeji zipungue katika mito mingi ya magharibi ya Marekani. Tilapia wetu wako upande wa huyu wa pili.

Yaliyotokea kwa majirani

Mifano ya karibu inasema wazi mchanganyiko unaweza kufika wapi.

Ziwa Bunyonyi, Uganda. Ni karibu na Kabale, si mbali na mpaka wa Rutshuru. Tilapia wa aina mbili, niloticus na spilurus wa Kenya, waliingizwa katika ziwa hilo wakati wa ukoloni wa Waingereza, na katika miaka ya 1950 wataalamu walikuta samaki wa katikati, wenye alama za pande zote mbili.

Ziwa Naivasha, Kenya. Oreochromis spilurus aliingizwa 1925. Leucostictus, yule wa madoa meupe, akafuata 1956. Katika miaka ya 1960 machotara walijaa katika nyavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 spilurus alikuwa ametoweka, na hata machotara wenyewe wakapungua, kwa sababu leucostictus ndiye aliyebaki mwenye nyumba. Somo la Naivasha ni hili: wingi wa machotara ulikuwa mlango tu. Nyuma ya mlango kulikuwa na aina moja inayotoka.

Ziwa Itasy, Madagascar. Mfano huu unatugusa zaidi, kwa sababu waliokutana huko ni niloticus na macrochir, wale wale walio Kivu. Katika miaka ya 1960 wavuvi wa Itasy walianza kuvua samaki ambaye hakuwa huyu wala yule. Wakampa jina la Kifaransa, tilapia trois-quarts, yaani robo tatu. Alikua vizuri, akauzwa vizuri, na macrochir akapungua sana.

Ziwa Baringo, Kenya. Huu ndio mfano unaotisha kwa utulivu wake. Mwaka 2007, watafiti Dorothy Nyingi na Jean-François Agnèse walionyesha kwamba tilapia wa Baringo, ambao kwa macho ni niloticus kabisa, wamebeba sehemu ya vinasaba vya leucostictus, ile sehemu inayorithiwa kwa mama. Mchanganyiko ulikuwa umeingia, lakini nje hapakuwa na alama yoyote.

Ziwa Victoria. Ngege na mbiru, tilapia wawili wa kwanza wa ziwa hilo, walikuwa chakula cha watu na biashara ya pwani nzima. Niloticus na leucostictus waliingizwa katika miaka ya 1950. Kwa kuongezewa sangara na uvuvi mkali, ngege na mbiru karibu wamekwisha katika ziwa kubwa. Ngege amebaki zaidi katika maziwa madogo ya pembeni, na hata huko niloticus amemfuata. Tanzania nayo, uchunguzi wa vinasaba wa miaka ya karibuni umeonyesha tilapia wa mito ya asili wakichanganyika na wale walioletwa kwa ajili ya ufugaji.

Namna ya kumkagua samaki, hatua kwa hatua

Kazi hii inafanywa samaki akiwa angali mbichi, ikiwezekana mbele ya kufa. Rangi ya tilapia inabadilika haraka. Saa moja ndani ya beseni, chini ya jua, inatosha kufuta nusu ya ushuhuda.

1. Fungua mkia. Usiutazame umefungwa. Utandaze kwa vidole viwili, uinulie kwenye mwanga. Mistari iliyosimama, mizima, kutoka juu mpaka chini: mwenyeji niloticus. Hakuna mistari, ni vidoa ao wingu tu: leucostictus ao macrochir. Mistari iko lakini imekatika, imebaki nusu ya mkia, ao inageuka kuwa vidoa upande mmoja: hapo pa kusimama.

2. Tazama ubavu. Madoa madogo meupe juu ya mwili mweusi ni ya leucostictus. Ukiyaona pamoja na mkia wenye mistari, alama mbili za wazazi wawili zimekutana kwa samaki mmoja.

3. Laza pezi la ubavuni. Lilaze nyuma, kando ya mwili, na uone ncha yake inafika wapi. Kwa macrochir ni refu sana, linaelekea mpaka usawa wa pezi la nyuma la tumboni. Pezi refu la namna hiyo pamoja na mkia wa niloticus ni alama ya yule wa Itasy.

4. Tazama uso kwa ubavu. Macrochir uso wake unapanda wima kama ukuta. Niloticus unapanda kwa mteremko. Chotara mara nyingi yuko katikati, lakini alama hii peke yake ni dhaifu.

5. Hesabu miiba ya mgongo. Hesabu ile migumu tu, usichanganye na sehemu laini ya nyuma. Niloticus mara nyingi ana 16 hadi 18, macrochir 15 hadi 17. Hesabu zinagongana, kwa hiyo zinasaidia kuongeza uzito, hazikati kesi.

6. Uliza alikovuliwa. Maji mafupi yenye majani, mbele ya mwaro wa mto, kando ya bwawa lililopasuka wakati wa mvua, ao karibu na vizimba vya ufugaji: mahali panaongeza ao panapunguza shaka.

Sheria ya kazi hii ni rahisi. Samaki mwenye alama zote za aina moja ni wa aina hiyo, hata kama ni mbaya wa sura. Samaki mwenye alama mbili ao tatu za aina moja na nyingine mbili ao tatu za aina nyingine ndiye wa kushukiwa. Na kwa mfano wa Baringo, uhakika kamili unatoka kwa vinasaba, hautoki kwa macho.

Wanaodanganya macho

Wengi wanaoitwa chotara sokoni si chotara. Kuna watano wanaojulikana.

Mtoto. Tilapia wachanga wote wanafanana. Mistari ya mkia haijakamilika, na doa jeusi la mgongoni liko kwa wote. Samaki mdogo kuliko kiganja asihukumiwe.

Dume wa msimu. Anapolinda kiota anabadilika rangi mpaka anaonekana kama aina nyingine. Kisha msimu unapita, anarudi kuwa wa kawaida.

Mama mlezi. Jike anayebeba mayai mdomoni hali kwa siku nyingi. Anakonda, kichwa kinaonekana kikubwa, na watu wanasema ni wa ajabu. Ni mama tu, na afadhali angeachwa majini.

Aliyeumia. Mkia ulioliwa na kuota upya hauoti na mistari ile ile.

Wa barafu. Tilapia wa konjelateri wanaofika Goma kutoka mbali wamepoteza rangi njiani. Kuwa tofauti na samaki wa mtumbwi si dalili ya kuwa chotara.

Je, chotara analiwa?

Ndiyo. Tilapia chotara anakaangwa, anapikwa sombe pembeni, anakaushwa, kama wazazi wake. Mchanganyiko wa aina mbili za jamaa hautengenezi sumu. Kinachomfanya samaki awe hatari ni kuoza, maji machafu yaliyomuoshea, na mikono isiyonawa. Kwa mtaa kama Kituku, ambako watu wanachota maji pale pale mitumbwi inapotua na ambako kipindupindu kinajulikana, hilo ndilo la kuogopa.

Na chotara si lazima awe uchawi wa maabara. Watu wanaweza kumtengeneza kwa makusudi, ni kweli. Mwaka 1960, huko Malacca, mtaalamu Hickling alitangaza kwamba tilapia wa Zanzibar, akiunganishwa na jike wa Msumbiji, anazaa watoto ambao karibu wote ni madume. Wafugaji walifurahi, kwa sababu madume hukua haraka na bwawa halijai watoto. Lakini chotara wa ziwa hakutengenezwa na mtu. Mtu alileta wazazi wake tu, kisha maji yakamaliza kazi.

Jambo lenyewe ni mbegu

Kwa nini basi kujisumbua, kama nyama ni ile ile? Kwa sababu ya kesho ya bwawa na ya ziwa.

Mfugaji wa Masisi, Rutshuru ao pembeni ya Goma anaponunua watoto wa tilapia, ananunua ahadi: kwamba watakua. Ahadi hiyo iko katika damu ya niloticus, ambaye anakua mkubwa. Leucostictus anakomaa na kuzaa angali mdogo, na bwawa lake linajaa samaki wa kiganja. Mtu akichukua mbegu kwenye pwani bila kuchagua, anaweza kulisha bwawa mwaka mzima na kuvuna samaki wa kukaanga kwa kikaango kimoja. Hasara hiyo haiandikwi mahali. Mfugaji anafikiri chakula kilikuwa kibaya, ao maji ni baridi, ao amelogwa.

Kwa ziwa, hasara ni kubwa zaidi. Niloticus wa Kivu amekaa nyuma ya ukuta wa volkano kwa maelfu ya miaka, katika maji ya juu ya metre 1,460, yenye baridi na chumvi zake. Amezoea. Mazoea hayo hayanunuliwi ku duka la mbegu. Yakichanganyika na damu ya aina nyingine mpaka yapotee, hakuna kiwanda cha kuyarudisha. Na mlango uko wazi kila mahali: bwawa linalofurika wakati wa mvua, kizimba kinachopasuka, ndoo ya watoto wa samaki inayovushwa kutoka bonde moja hadi lingine na mtu mwenye nia njema.

Ukimpata, fanya hivi

Mvuvi ao muuzaji anayekutana na samaki mwenye alama zinazopingana hapashwi kumtupa wala kuficha. Anaweza kufanya kazi ya maana kwa dakika tano.

Apige picha ya ubavu wa kushoto, samaki akiwa amelazwa juu ya kitu cheupe, mapezi yametandazwa, na rula ao kijiti cha kipimo kimewekwa kando. Picha ya pili iwe ya mkia peke yake. Aandike siku, mahali, kina cha maji na namna ya wavu. Kama kuna nafasi, akate kipande kidogo cha pezi, kama ukucha, akiweke ndani ya chupa ndogo yenye alkooli kali ya duka la dawa, ya asilimia 90 kwenda juu. Pombe ya kunywa haifai, maji yake ni mengi na nyama itaoza. Kipande hicho kidogo ndicho kinachoweza kusomwa vinasaba. Samaki aliyebaki anakwenda beseni na anauzwa kama kawaida.

Ushuhuda wa namna hiyo unawafaa wanaosomea maziwa yetu: Kituo cha utafiti wa hidrobiolojia cha Uvira, idara ya hidrobiolojia ya ISP Bukavu, na vyuo vikuu vya Goma na Bukavu. Mfugaji, kwa upande wake, aulize kila mara wazazi wa mbegu walitoka wapi, na asimwage watoto wa bwawa ndani ya ziwa hata kama wamebaki na hana mahali pa kuwaweka.

Na kwa yule mteja wa asubuhi, aliyesimama mbele ya beseni na kuuliza kama samaki ni wa Kivu kweli: amfungue mkia, autazame kwenye mwanga. Mistari ikiwa mizima kutoka juu mpaka chini, anaweza kulipa akijua kwamba mbele yake yuko mwenyeji. Ikiwa imekatika, alipe vilevile, lakini amwambie mvuvi akumbuke mahali alipotega.